Mukono Ndani ya Ukuta wa Bwiza

Mujukuu wangu Nadine,

Watu wanacheka nikikuita hivi na huu ujana wangu, lakini bibi yako ni dada yangu mukubwa. Magoti yanamuuma, anakusalimia sana. Umeuliza kwa nini mji wetu uko wa zamani lakini hauna kitu cha zamani cha kuonyesha.

Mi nilikuwa nabomoa nyumba za udongo mutaa wa Bwiza, watu wajenge etaji, nyumba za gorofa. Mama mumoja muzee, alikuwa ameuza yake, akaniambia:

“Mutoto wangu, ndani ya ukuta wa chumba kuko mukono wa kijana wangu. Aliukandamiza akiwa mudogo, udongo ukiwa mubichi. Ukiuona, unikatie hicho kipande cha ukuta.”

Kijana alishakufa. Namna gani, hayo nayaacha.

Chokaa ilipoanguka, nikaona vidole vitano vidogo. Nikasimamisha nyundo. Shefu wetu wa kazi akapiga kelele:

“Eh, we bubu! Unataka kuoa ukuta?”

Wenzangu wakacheka. Nikasikia haya, nikaupiga nyundo, ukavunjika.

Jioni yule mama akakuja na kitenge cha kuufungia.

“Umeuona?”

“Apana, mama.”

Akakunja kitenge pole pole, akanishukuru kwa kutafuta.

Ni mi babu yako, niliyeuona.