Koti la Eliseo

Jumatatu, 4 Novemba

Eliseo,

Kwa mdomo siwezi kukuita. Mama yako yuko jikoni, na kwetu Wagitano, Waroma wa Hispania, jina la marehemu halitajwi. Akilisikia, itakuwa msiba wa pili. Lakini kalamu haina sauti. Basi nakuita hapa.

Tulikuzika jana. Jioni tukachoma vitu vyako nyuma ya nyumba, kama desturi yetu ilivyo. Godoro, viatu, wembe, na lile koti la kahawia tulilokabidhiwa hospitalini kwenye mfuko wa plastiki. Ukosi wake ulikuwa umeng'oka, unaning'inia. Nililishika kidogo. Mama akasema, "Mwachie aende, mwanangu." Nikalitupa motoni.

Picha zako zimegeuziwa ukutani. Televisheni tumeifunika shuka. Abisai hanyoi ndevu kwa ajili yako — zimeota tatu hapa, nne pale. Ungemcheka mwanao.

Hospitalini waliandika kwamba ulianguka, ukagonga kichwa kwenye ukingo wa barabara. Ulianguka vipi, hakuna aliyeuliza. Abisai aliona. Fermín Quesada, muuza jibini, alitaka nafasi yako sokoni. Akakukamata ukosi, akakusukuma. Tunangoja polisi waje waulize.

Jumatano, 6 Novemba

Wamekuja! Wawili. Nikawawekea viti, nikadhani wamekuja kwa sababu ya Quesada. Wao wakataka koti.

"Tumelichoma," nikasema.

Wakatazamana. "Mmelichoma?"

"Na vitu vyake vyote. Ni desturi yetu, mtu akifa —"

"Desturi nzuri hiyo, mama," akasema yule mnene. "Imewafaa kweli."

Kumbe Quesada alishatangulia kituoni. Kasema Abisai alirusha chuma cha kibanda akimlenga yeye, kikakupata wewe. Abisai! Aliyekubeba mgongoni mpaka kwenye gari! Wamemtia pingu hapa hapa, sebuleni. Mama yako alipiga ukelele. Mimi nilisimama nimeshika kikombe cha kahawa cha polisi, nusu kimenywewa.

Ijumaa, 8 Novemba

Wakili tuliyepewa na mahakama anaitwa Begoña. Msichana mdogo, mpayo — si wa kwetu — lakini mpole. Ameniambia yaliyotokea mbele ya hakimu.

Hakimu alimuuliza Abisai ni nani aliyeanguka. Akainamisha kichwa. "Mzee wangu." Jina lake? Kimya. Wakarudia, wakarudia. Kimya. Wameandika: amekataa kujibu. Mtoto kumheshimu baba yake — imekuwa hila!

Nikamuuliza, na nguo za Quesada je? Shati lake lilikuwa na damu, soko zima liliona.

Akafunua karatasi zake. "Mke wake alilifua jioni ileile, Bi. Coral."

"Halafu?"

"Basi. Wameandika kwamba lilifuliwa."

Akafunga karatasi zake.

Mkewe kafua, basi ni mama wa nyumbani safi. Sisi tumechoma, tuna njama! Quesada yuko kwake, analala kitandani pake. Abisai yuko mahabusu, eti ana ndugu kila mji, atatoroka. Kumbe kuwa na ndugu nako ni kosa.

Jumapili, 10 Novemba

Abisai kapiga simu.

"Umekula?"

"Dengu. Mbaya kuliko zako."

"Zangu ni mbaya?"

"Mama, mzee mwenyewe alikuwa anazimalizia kwa heshima tu."

Tukacheka. Akasema wenzake humo ndani wanamwita muua-baba. Simu ikakatika.

Nimekaa nakukumbuka sokoni. "Soksi jozi tatu yuro tano, malkia wangu! Miguu hiyo haijaumbiwa baridi!" Wanawake wa kipayo walikuwa wanakucheka, lakini walinunua. Hata mke wa Quesada alinunua.

Jumanne, 12 Novemba

Alhamisi hakimu ataamua kama Abisai angojee kesi nyumbani. Nitahojiwa mimi. Begoña kaja mpaka kwetu, kakaa kwenye kiti kilekile cha polisi.

"Eleza moto. Eleza koti lilivyokuwa, ukosi na yote. Na utaje jina lake, Bi. Coral, wazi. Ukisema 'yeye', 'mzee', wataandika familia nzima inaficha."

Mama alikuwa anakata mkate. Kisu kikasimama.

"Jina la mwanangu? Mbele ya hao?" Akanitazama mimi, si wakili. "Walimtafuna akiwa hai. Sasa uwape na jina lake? Ukilitaja, Coral, sina mkwe."

"Na Abisai, Mama? Mjukuu wako?"

Akaweka kisu, akatoka. Mkate ulibaki mezani mpaka jioni, nusu umekatwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Ukumbini, nje ya chumba cha hakimu. Naandika juu ya goti.

Quesada kaja na shati jeupe, limenyooka pasi. Yule polisi mnene kampa mkono. "Vipi Fermín, jibini la mwaka huu?" "Nitakuletea kipande, usijali." Wanacheka! Hapa! Mimi nimevaa nyeusi toka kichwani mpaka miguuni, wananipita kama ukuta.

Wamempitisha Abisai. Pingu. Ndevu sasa zimejaa kidevuni. Nimeshtuka — ni wewe, ulipokuja kwetu kuniposa! Hakimu ataona mhuni asiyenyoa. Nani atamwambia ni kilio?

Mama kaja pia. Sikumwomba. Amekaa mbali nami, viti viwili.

Mlango umefunguliwa. Wananiita. Begoña ananishika kiwiko — nimemwambia angoje, mstari mmoja tu.

Mama haniangalii. Ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Eliseo, nakwenda kukuita kwa sauti. Utukumbuke.