Pedeli Imekatika Kagoma

Jumatatu, 16 Machi 2026
Mwezi wa kumi na moja tangu niondoke Kasulu. Nilidhani leo ningelala Kibondo. Niko Kagoma, goti limevimba.

Kazi ya zege kule Buhembe imekwisha. Mshahara wote nimenunulia pikipiki iliyotumika, niende nayo nyumbani nikabebe abiria. Jumamosi wanakuja kumposa mwanangu Joviana. Yuko kidato cha tatu! Kaka yangu Ildefons ameshawakubalia. Nisipoketi pale mimi baba yake, yeye atapokea pombe yao. Na pombe ikinywewa, maneno yamekwisha.

Mbuzi amekatiza kwenye mvua. Nimeanguka. Pedeli ya breki ya nyuma imepinda ikagusa injini. Nikachukua jiwe, nikaigonga inyooke – ikakatika. Chuma baridi! Mjinga mimi.

Jumanne, 17 Machi
Fundi wa hapa ni mzee mmoja, wanamwita Ta Mutembei. Ameitazama akacheka. Ati Waha tunanyoosha pikipiki kama jembe. Nikamjibu jembe letu halikatiki. Akacheka zaidi, akaniita ndani kwa chai.

Pedeli ya aina hii Kagoma haipo. Anasema niende Bukoba kuitafuta, au nimwachie pikipiki nipande basi. Nimwachie? Nifike mikono mitupu niseme mtoto asome – asome kwa pesa ipi? Ildefons alishaniambia: baba wa kwenye simu si baba.

Jumatano, 18 Machi
Bukoba, juu ya lori la ndizi. Kashai nimezunguka maduka yote. Hakuna. Mjini, Sanjay wa duka la spea amepekua hadi chini ya meza, akatoa moja ya pikipiki nyingine. Shimo linaingia sawasawa, lakini ni ndefu.
"Kaka, mimi nauza lakini sikudanganyi. Hii itagonga ekzosi. Fundi aikate, aichomelee upya."
Nimeichukua. Ningefanyaje?

Alhamisi, 19 Machi
Umeme hakuna. Hakuna kuchomelea. Mvua tu. Ta Mutembei amelala kwenye benchi.

Joviana amepiga kwa simu ya jirani. Hakulia. Ameuliza niko wapi. Nikasema karibu.
"Karibu wapi, baba?"


Ijumaa, 20 Machi
Umeme umerudi saa sita. Mzee amekata, amechomelea, amefunga. Nikajaribu barabarani – inakamata! Nilipiga kelele kama mtoto. Halafu haikuachia. Pedeli ikishuka hairudi. Gurudumu la nyuma lilichemka mpaka likanuka. Springi ya zamani haina nguvu ya kuirudisha pedeli hii.

Ta Mutembei anasema kesho atatafuta springi Muleba mjini. Nikamwambia kesho watu watakuwa wameshaketi.
"Mwanangu, milima ya huko mbele haijui posa. Breki ikichemka inakufa, na wewe unaifuata."
Akatia ufunguo wa pikipiki mfukoni. Nimemwomba. Nimemsihi mbele ya wateja wake, sikuona aibu. Mkewe, Ma Edvina, akatoka jikoni, akasikiliza, akauliza msichana ana miaka mingapi. Nikamwambia kumi na sita. Akamgeukia mumewe, akamwambia maneno mawili matatu ya Kihaya, makali. Mzee akautoa ufunguo. Hakuniangalia.

Sasa ni saa tisa. Nimejaribu tena. Nikishakanyaga, naiinua pedeli kwa kidole cha mguu, gurudumu linaachia. Ila nisisahau hata mara moja. Na mvua inarudi.

Nimepiga ile simu ya jirani. Aliyepokea ni Ildefons! Yuko hapo anaazima viti vya wageni. Sikumsalimu. Nimemwambia pombe isiguswe, baba wa mtoto anatoka Kagoma sasa hivi. Akauliza, "Na usipofika?"
Nimesema kesho saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni.