Sidiria ya Mwanatabu

Jumanne, 3 Juni 2025

Mwanatabu kachoka leo. Mtoto wa marehemu dada yangu, mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Kaja kwangu Changamwe kujifungua, maana mama hana. Kazunguka soko la Kongowea kutwa akitafuta sidiria — zote ama zamkata mabega, ama kifua chatoka pembeni. Mama jirani, Kadzo, ndiye kanieleza. Mwenyewe angeniambiaje, mimi mjomba wake?

Nikasema, ya nini kuhangaika? Nashona maturubai ya malori miaka ishirini na sita! Mwaka wa mafuriko nilishona turubai moja likafunika malori matatu na behewa la treni. Darasa la tano tu, lakini mkono huu! Sidiria ni kitu gani?

Kadzo alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 5 Juni

Kupima kuna heshima yake. Nikampa Kadzo uzi, akaingia chumbani na Mwanatabu, uzi ukarudi na mafundo mawili: chini ya kifua, na katikati yake. Nikakata kitambaa pale pale kwenye fundo. Sikuzidisha hata unywele. Turubai likilegea mzigo watikisika, lori lalala ubavu njiani Mariakani. Chini nikatia ukanda wa turubai lenyewe, ikae ngangari.

Mwanatabu akaijaribu, akasema kutoka ndani: Mjomba, mimi si lori! Yabana.

Nikamwambia itazoea mwili. Akaivaa hivyo hivyo. Ana adabu mtoto yule.

Gereji nzima ninakoshona nimewasimulia. Wameniita profesa.

Jumatatu, 30 Juni

Msichana! Kilo tatu na robo. Mimi nasema nne, mizani yao mbovu. Maziwa tele, alhamdulillah.

Jumatatu, 7 Julai

Mwanatabu ana homa. Kifua cha kushoto kigumu kama jiwe, chekundu, Kadzo asema. Mtoto akishika kunyonya, mama alia. Akiachishwa, mtoto alia. Mumewe yuko safarini, kapiga simu: mpeni maziwa ya kopo. Mwanatabu hataki. Mamake alimnyonyesha miaka miwili, asema, naye atanyonyesha.

Nimeshinda nje. Sijashona kitu.

Jumanne, 8 Julai

Zahanati. Mimi kwenye benchi, pazia tu kati yetu. Nikamsikia nesi: Hii ni sidiria au matandiko ya punda? Alama kila ukanda ulipopita! Maziwa yamezibwa njia. Nani kakuuzia?

Mwanatabu akajibu: Niliinunua sokoni.

Sokoni! Na homa yote ile, bado anisitiri. Ningenyamaza ingepita. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema: Ni mimi, nesi. Mjomba wake. Nimeishona mimi.

Nesi akasema, basi mzee, mikono unayo, kashone nyingine. Pamba laini. Chini isiwe na kitu kigumu. Ifunguke mbele. Na uache nafasi — kifua cha kunyonyesha hakikai kipimo kimoja, asubuhi si jioni. Dawa kampa, na mtoto aendelee kunyonya hata upande unaouma. Nikamwomba arudie. Nikaandika yote kiganjani.

Gereji sijamwambia mtu.

Jumatano, 9 Julai

Homa imeshuka kidogo. Jiwe bado lipo.

Nimekata kikoi changu cha zamani, kimefuliwa mpaka kimelegea. Hakuna ukanda. Kila upande una kifuniko chake, kulabu juu, afungue kwa mkono mmoja. Kadzo kapima upya, kifua kikiwa kimejaa. Na ndani ya mishono nimebakisha inchi mbili. Mimi, kubakisha inchi mbili!

Sasa wamo ndani. Mimi barazani.

Mwanatabu kaita: Mjomba!

Naam, mwanangu.

Huku kushoto yagusa. Hapa chini. Ifumue.

Kasema mwenyewe! Hakumtuma Kadzo. Nikamwambia ivue uilete, nafumua sasa hivi, hata mara kumi.

Akasema: Ngoja — mtoto kashika. Upande ule ule.

Nasikia mtoto anyonya. Mwanatabu avuta pumzi kwa meno. Kadzo amhesabia, moja, mbili, tatu, vumilia mama, njia itafunguka. Amefika thelathini.

Mkasi mkono mmoja, kalamu mwingine. Arubaini na mbili. Mwanatabu hajamwachisha mtoto —