Farasi Asiyetakiwa Kusimama

Jumatatu, 12 Januari

Ghorofa ya tatu yote leo. Mashuka, foronya, taulo, vioo. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka basi la wafanyakazi likawa linajikokota, na ndege tunazisikia tu juu yetu bila kuziona. Garhoud nzima, mtaa wetu huu wa Dubai karibu na uwanja wa ndege, ilikuwa sauti. Napenda siku za namna hii, mtu unaweza kuwa popote.

Chumba cha mwisho ni cha Madam Orla, yule Mwairishi mpiga kinubi aliyeletwa kutumbuiza mgahawani mwezi huu. Kitanda kimoja analala yeye, cha pili kinalala kinubi, kimefunikwa blanketi kama mgonjwa. Nimeambiwa nisikiguse. Basi sikigusi.

Nilikuwa naimba chini chini huku nasugua sinki. Kugeuka, Madam kasimama mlangoni, viatu mkononi. Akaniuliza kama najua hadithi. Swali gani hilo la kumuuliza mtu wa Tanga.

Jumatano, 14 Januari

Meneja kakubali. Jumamosi ya wiki ijayo, alasiri, ukumbi mkubwa, siku ya wafanyakazi. Madam Orla atapiga kinubi na kusimulia kwa Kiingereza, mimi nafuata kwa Kiswahili, maana nusu ya hoteli hii ni sisi: Wakenya, Watanzania, Waganda. Supavaiza kanuna. Khalas, basi, anune.

Hadithi ni ya kale sana, ya kwao, kabla ya makanisa. Niiandike isinipotee. Kijana shujaa anafuatwa na mwanamke aliyepanda farasi mweupe. Anapanda nyuma yake. Farasi anakwenda juu ya bahari bila kulowa kwato, mpaka nchi ambako hakuna anayezeeka. Wanaoana. Anakaa miaka mitatu, raha mustarehe. Kisha kwao kunamwita. Mke anamwazima farasi na kumwonya: nenda, tazama, rudi, lakini usikanyage udongo. Anafika. Hakuna anayemjua. Kumbe si miaka mitatu iliyopita, ni mia tatu. Baba yake, wenzake, mbwa wake, wote wamebaki majina. Njiani anakuta watu wameshindwa kuinua jiwe. Anainama awasaidie, ukanda wa tandiko unakatika, anaanguka. Palepale miaka yote inamshukia. Mzee, kipofu, mavumbini.

Alipomaliza alipiga uzi mmoja tu, wa chini kabisa. Nilisahau kama nimeshika ndoo.

Alhamisi, 15 Januari

Majina yao hayatamkiki. Nimeyaacha. Kuna Kijana na kuna Bibi wa Farasi, inatosha. Madam kanung'unika kidogo, akakubali.

Tatizo lingine ni mchana. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana, unaota mkia. Nimemweleza. Alicheka, kisha akasema hata kwao zilikuwa za baridi na giza, watu wameuzunguka moto. Tumekubaliana mapazia yafungwe na taa zizimwe. Huo mkia tutaudanganya.

Nimetunga kiitikio:

Farasi mweupe, usisimame,
bahari ni njia, usisimame.

Kinubi kimekipokea kama kinakijua tangu zamani. Nimekiimba siku nzima kwenye lifti. Mgeni mmoja wa Kirusi alishuka akikipigia mluzi.

Jumamosi, 17 Januari

Mazoezi, chumba cha mikutano kisicho na madirisha. Walikuja walio mapumziko. Ugomvi ulianza mlangoni mwa hadithi. Mimi nasema Paukwa, wanaoitika Pakawa ni watatu. Wakenya wanataka Hadithi hadithi, waitike Hadithi njoo. Wabishi hawa. Tumetumia zote mbili.

Kaka Barasa alisimama nyuma na kofia yake ya kazi mkononi. Ni mlinzi wa geti la chini, wanakoingilia wa mboga na samaki. Mtu wa Bungoma, mwili mkubwa, sauti ndogo, mvi zimeshaanza. Mwisho wa mwezi anarudi kwao moja kwa moja. Kaandika kuacha kazi, tiketi imekatwa. Hajafika nyumbani tangu mtoto wake wa mwisho anatambaa, na sasa huyo mtoto anasoma na kuandika. Hoteli nzima inajua siku anayoondoka. Hata wapishi wa Kihindi wanamtania.

Nilipofika kwenye onyo la mke nikasema: nenda, lakini usitie mguu nyumbani. Ilinitoka tu, ilikuwa tamu mdomoni. Watu wakacheka, ataendaje asitie mguu? Barasa hakucheka. Kijana alipoanguka, yeye akavaa kofia akatoka.

Jumapili, 18 Januari

Siku ya kupumzika. Nimelala mchana na kuota. Farasi mweupe kwenye korido ya ghorofa ya tatu, anapita mlango baada ya mlango, zulia halishiki alama. Nami nyuma yake natafuta shuka la kumfunika. Kila shuka fupi.

Jumatatu, 19 Januari

Barasa kaenda ofisini kuomba arudishiwe kazi. Hataki kuondoka tena, afutiwe tiketi. Wamempa mpaka Jumapili aseme neno la mwisho, la sivyo nafasi yake inapata mtu.

Nilimfuata getini saa ya chai. Alizungumza macho yakiwa kwenye lori la vitunguu. "Dada Zuhura, hiyo story yako ni mimi. Huyo jamaa si aliambiwa asitie mguu? Hapa niko sawa. Hapa mimi bado ni yule wa kwenye picha. Nikifika kule nitakuwa mzee fulani amesimama kwa mlango, watoto wananiangalia tu."

Nikamwambia ni hadithi. Akasema anajua. Akafungua geti, lori likapita.

Nina hasira na aliyenitia hasira ni mimi mwenyewe. Madam alisema asikanyage udongo, maana yake abaki juu ya farasi. Nami kwa kutaka utamu nikasema asitie mguu nyumbani. Kwetu kutia mguu ni kufika. Mtu ana safari ya kwenda kwa wanawe, nami nimesimama mbele ya watu nikamwambia asifike.

Jumanne, 20 Januari

Nimemwomba Madam tubadilishe mwisho. Kijana ashuke salama, amkute baba yake hai, basi. Kakataa. Kasema hadithi hii imepita vinywa vingi mno, mimi na yeye hatuna ruhusa ya kuilainisha. Nikamwambia mtu mzima anafuta tiketi kwa sababu yake. Akajibu kwamba kumbe hadithi bado ina nguvu.

Jibu gani hilo. Leo nimemwekea taulo moja. Ndiyo, makusudi.

Alhamisi, 22 Januari

Hatusemeshani ila kwa kuimba. Na ajabu, wimbo unazidi kuwa mzuri. Leo kinubi kilipoanza ile sehemu ya bahari nilifumba macho, na kwa muda sikuwa Dubai wala Tanga. Nilikuwa katikati, juu ya maji, na sikutaka kufika upande wowote. Ilinipa raha na ilinitisha. Nikamwelewa Barasa.

Yeye hasemi na mtu. Bibi yangu angemwambia mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ila ningelazimika kwanza kumweleza mtu wa Bungoma kwamba tezi ni nyuma ya jahazi, omo ni mbele, na ngama ni tumboni mwake. Nimeiacha.

Jumamosi, 24 Januari

Imekwisha.

Mapazia yalifungwa, jua likabaki nje. Ukumbi ulijaa, wengine sakafuni. Paukwa, Pakawa. Hadithi hadithi, Hadithi njoo. Farasi alipoingia baharini waliitika wote, hata Wafilipino wasiojua maana. Usisimame, usisimame. Ukumbi ukaondoka. Naandika nilivyoona: viti vilikuwa vinaelea, na sura za watu zilikuwa za watoto.

Nilipofika kwenye onyo nilisema polepole, nikimtazama Barasa pale mlangoni. Nenda. Ila usishuke kwenye farasi. Nikarudia, si kwamba usifike, usishuke. Sura yake haikubadilika.

Jiwe. Ukanda. Kuanguka. Madam akapiga uzi wa chini, na hapo ndipo huishia. Nikajua nimeshindwa.

Kisha sauti ndogo kutoka mlangoni. "Nauliza. Huyo mzee, kuna mtu alimwinua?"

Kwetu msikilizaji ana haki ya kuuliza. Kwa akina Madam, naona, watu hupiga makofi wakaondoka. Nilimtafsiria Madam. Alikaa, viganja juu ya nyuzi, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Kisha akasema ndiyo. Wale wale wa jiwe walimwinua. Alipelekwa kwenye nyumba yenye moto, akapewa chakula, akaishi. Na hadithi zote za baba yake na wenzake, zile ambazo watu wa Ireland wanazo mpaka leo, alizisimulia yeye. Hakukuwa na mwingine aliyebaki anayezijua. Asingeanguka, zingepotea. Akasema hiyo sehemu imo tangu kale, ila yeye huikata kwa kuwa muziki wake unakomea kwenye kuanguka.

Nikayaeleza hayo kwa Kiswahili. Barasa alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia. Akauliza tena, alipewa chakula gani? Ukumbi ukacheka. Ugali, nikasema, bila kumuuliza Madam.

Jumapili, 25 Januari

Barasa kapita ofisini. Anakwenda.

Madam kapewa taulo zake zote. Tumekunywa chai, mimi nimesimama kwa sababu ya supavaiza. Ananifundisha neno la kwao la kumshukuru mtu. Refu kama treni.

Jumanne, 3 Februari

Ghorofa ya tatu, kama kawaida. Madam Orla kaondoka juzi, kaenda kupiga Muscat. Joto limeanza kunukia kidogo.

Mchana simu ililia nikiwa kwenye stoo ya mashuka. Ujumbe wa sauti, Barasa.

"Dada Zuhura, nimefika salama. Mama watoto alikuja stage ya basi kunipokea, akanipita. Nikamwita. Akarudi, akaniangalia sana, akasema, wewe umezeeka. Nikamwambia, ndio, nimezeeka. Akanishika mkono. Sasa tumekula, na hawa watoto wamezima TV wenyewe, wameketi hapa mbele yangu. Wacha niwaambie kidogo."

Nyuma yake alisikika mtoto akikohoa, na mtu akisogeza kiti karibu.