Soksi za Breki za Kaka

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya kuliko mkono unaoiandika. Goti lako linaendeleaje? Mwanao aliponipigia simu alisema umeanza kwenda dukani bila mkongojo, na kwamba umemkataza asikufuate nyuma kama askari wa jela. Nilicheka peke yangu. Hujabadilika. Na wajukuu natumaini wanakula, wanasoma, na wanakusumbua kwa kiasi kinachostahili.

Mimi, nisikufiche, naisha. Daktari aliniambia kwa lugha ya adabu, nami nikamwomba aniambie kwa lugha ya hesabu, kwa kuwa nimekuwa mwalimu miaka thelathini na mmoja. Akasema tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Usilie. Chumvi nimekula ya kutosha. Mwanangu ananitunza vizuri, ila ananipa uji usio na sukari na kuniapia kwamba ni mtamu. Naandika mistari michache kila siku, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ni mimi niliyekuwa nikipanda na kushuka.

Nina habari ya baiskeli. Najua uliniambia, tena kwa kidole mbele ya pua yangu, kwamba nisiitaje mbele yako baiskeli ile wala fundi wake. Nimekutii miaka hamsini na miwili. Leo nivumilie.

Baiskeli ya mbio ya marehemu kaka yetu haikutupwa. Baba aliagiza itupwe, nami nikamwambia nimeitupa, lakini niliizungushia shuka nikaificha. Tangu hapo imehama nami nyumba nne. Marehemu mke wangu alikuwa akisema katika ndoa hii tuko watatu, na wa tatu hapiki wala hafui.

Mwaka jana, niliporudi kutoka hospitali mara ya kwanza, nilianza kuisikia. Saa nne asubuhi, mwanangu akiwa kazini na nyumba ikiwa kimya, stoo ilitoa mlio mmoja: tak. Mlio huo unaujua. Ni mkono wa breki uliobanwa kisha ukaachiwa ghafla. Nikasema ni panya. Nikatega mtego wenye kipande cha samaki, na samaki akakaa wiki tatu hadi akawa mgumu kama ubao. Mlio haukukosa hata siku moja. Tak. Saa nne. Wewe pia unajua saa nne ni saa gani kwetu.

Mwishowe niliingia, nikaifunua. Fremu ilikuwa nzima, na ile rangi ya kijani ilikuwa bado inang'aa chini ya vumbi. Lakini vile vifuniko vya mpira vinavyovishwa mikono ya breki, pale mwendeshaji anapolaza viganja, vile ambavyo kaka alikuwa akiviita soksi, vilikuwa vimekufa. Cha kushoto kilikuwa kimekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi. Cha kulia hakikukauka. Kilikuwa kimelainika na kuvimba, kikawa kama lami, na juu yake kulikuwa na mashimo manne madogo, mahali pa vidole. Nilipokigusa, vidole vyangu viliingia katika mashimo yale vikatosha. Nilinawa kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa ndimu. Weusi ule ulikaa mikononi mwangu siku tisa. Mwanangu aliniuliza kama nimeanza kula makaa.

Hapo nikapata wazimu wa kuzitafutia breki zile soksi mpya. Nilijiambia kwamba kaka haji kwa jingine. Anaona breki zake ziko uchi. Nilizunguka maduka yote ya baiskeli ya mji huu, breki mbili zimo mfukoni mwa koti langu, zikigongana kama meno. Muuzaji mmoja alizigeuzageuza, akaniita mzee wa safina, akaniuliza kama Nuhu ndiye aliyenituma. Mwingine alinipa vifuniko vya breki za kisasa. Vikakaa kwenye breki zangu kama buti la baba kwenye mguu wa mtoto mchanga. Mwanangu alitafuta kwenye simu yake, tukapima kwa uzi na rula, tukaagiza, tukangoja. Vilivyokuja vilikuwa vyembamba, vikachanika siku ya kwanza. Nilijaribu hata kushona vipande vya tyubu ya tairi. Na kila asubuhi, nikiwa na sindano mkononi, breki ziko mezani mbele yangu, hazijafungwa kwenye chochote, stoo ililia vilevile.

Halafu muuzaji mmoja, pengine kwa kunihurumia, akaniambia kwamba kuna mzee katika mji wa ng'ambo ya mto, nyuma ya ghala la saruji, anayetengeneza vifuniko hivyo mwenyewe. Anachukua umbo kwa udongo, anamwaga mpira, anauoka kama mkate. Alinionya kwamba mzee huyo ni mkali, na kwamba ukimpelekea baiskeli chafu anakufukuza nayo. Nikauliza jina. Akasema jina halijui, watu wanamwita Spana.

Mdogo wangu, nilikaa chini palepale kwenye sakafu ya duka. Walidhani ni sukari imeshuka.

Mwanangu alinipeleka kwa gari. Karakana ni ya bati, safi kuliko jiko langu, spana zimetundikwa ukutani kwa kimo, ndogo hadi kubwa. Amekuwa mwembamba, na mvi zake hazijaacha hata unywele mmoja, lakini mikono ni ileile. Hakunisalimu. Alinitazama kama mtu anayetazama basi lililochelewa mpaka abiria wakazeeka, na sasa limefika. Kisha akanyoosha mkono, akasema nimpe hizo breki.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipaogopa. Nitaandika haraka kabla mkono haujabadili nia.

Unakumbuka wiki ile ya mbio. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, nimejaa vitabu hadi puani. Wewe na Spana mlikuwa mmeshavishana pete, na mimi nilikuwa nikinuna. Niliona aibu kwamba dada wa mwanachuo ataolewa na mtu mwenye grisi kwenye kucha. Kaka alinicheka, akasema kucha huoshwa, kiburi ndicho kisichooshwa. Siku moja kabla ya mbio alinipa soksi mpya, zimefungwa katika gazeti, akanituma niipeleke baiskeli kwa Spana azivishe. Nilikubali kwa mdomo. Lakini sikutaka kusimama mlangoni kwa yule mtu nikimwita shemeji. Nikajiambia kuvisha mpira kwenye chuma si kazi ya kumshinda mtu anayesoma fizikia.

Nilifanya kazi ile jikoni. Cha kushoto nilikivisha kwa maji na jasho, kikanichukua muda mrefu na kuninyofoa ukucha. Nilipofika cha kulia nilikuwa nimechoka. Kopo la mafuta ya cherehani ya mama lilikuwa dirishani. Niliweka matone machache, na mpira ukaingia kama kidole kwenye asali. Nilijiona mwerevu. Kaka aliporudi aliuliza kama Spana amemaliza, nami nikajibu kwamba amemaliza, na anamsalimu.

Kila fundi wa baiskeli anajua jambo ambalo mimi sikulijua: mpira huvishwa kwa maji ya sabuni, kwa sababu sabuni hukauka na kushika. Mafuta hayakauki. Yanakaa kati ya mpira na chuma yakingoja.

Saa nne ya kesho yake, kwenye mteremko wa daraja, watu walimwona kaka akinyanyua mkono wa kulia. Walidhani anawasalimia. Wengi walimpungia, na wewe ulikuwa mmoja wao; uliniambia mwenyewe kwamba ulimpungia na kumpigia vigelegele. Hakuwa akisalimu. Mpira uliteleza juu ya chuma, na kiganja kikachomoka. Gurudumu la mbele likageuka, na mengine uliyaona kwa macho yako.

Siku ya tatu baada ya mazishi, baba alimwita Spana barazani. Aliuliza nani aliyevisha mpira ule. Kabla Spana hajafungua kinywa, mimi nilisema ni yeye, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea. Alinigeukia. Nilijua atasema kwamba hajaigusa baiskeli ile wiki nzima. Lakini alimwambia baba kwamba baiskeli ile fundi wake ni yeye, na lolote lililotokea juu yake ni lake. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Ulitoka, ukamtupia pete miguuni. Aliiokota, akaifuta kwa shati, akaondoka.

Unajua yaliyofuata. Hakuna aliyempelekea tena baiskeli mtu aliyeambiwa ameua. Alifunga akahama. Wewe baadaye uliolewa na mtu mwema, nami sikatai kwamba alikuwa mwema, lakini nilikutazama siku ya harusi na nikaona ulivyokuwa ukitabasamu kwa meno tu. Na mimi nikaenda kuwa mwalimu wa fizikia. Miaka thelathini na mmoja nilisimama mbele ya ubao nikifundisha msuguano, kwa nini kitu kinashika na kwa nini kinateleza. Kila mwaka katika mada hiyo chaki ilinianguka. Wanafunzi walikuwa wakisubiri, wakipeana zamu ya kuiokota.

Nilimwambia Spana yote haya nikiwa nimekaa juu ya kigogo cha mti mlangoni kwake. Alinisikiliza huku akisugua breki. Nilipomaliza, akasema anajua. Baiskeli ilipookotwa darajani ililetwa kwake kwanza, na alipoinusa breki ya kulia aliipata harufu ya mafuta ya cherehani, ambayo ni nyepesi, si kama ya mnyororo, na mtaa mzima mama yetu peke yake ndiye aliyekuwa na cherehani. Alijua kabla baba hajamwita.

Nikamuuliza basi kwa nini alinyamaza. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akasema kwamba mama alikuwa ameshazika mtoto mmoja, na wewe ulikuwa umebakiwa na kaka mmoja tu. Angekupokonya huyo naye, kisha akuoe? Alijua pia kwamba ukweli ule haukuwa wake kuusema, ulikuwa wangu. Basi akaningoja. Alidhani nitakuja kabla ya mwezi kwisha. Mwezi ulipokwisha akasema labda mwaka. Aliniambia kwamba kosa la mafuta alinisamehe siku ileile, maana kila fundi huharibu kitu akijifunza. Hajui kama amenisamehe kungoja.

Alichukua umbo la breki, akaniambia nirudi baada ya siku nne. Niliporudi, soksi zilikuwa tayari, nyeusi, laini, zinanuka upya. Akaniwekea beseni la maji ya sabuni, akasema mimi nivishe. Nikavisha, naye akanishikia breki hadi soksi zote mbili zikaingia. Kisha akasema tuziache zikauke. Tulikaa tukizitazama zikikauka, vikongwe wawili, kama watu wanaolinda mgonjwa.

Nilidhani sasa mlio utakoma. Haukukoma, mdogo wangu. Asubuhi iliyofuata ulilia kama kawaida, na nilipoingia stoo nilikuta breki ziko mahali pake, mpira umeshika vizuri, hakuna kinachotikisika. Ndipo nilipoelewa kwamba kaka hakuwa akidai soksi. Nikaketi kukuandikia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua ni rahisi mno, mtu anaweza kuitia mfukoni akasahau. Wala sijamwahidi Spana lolote kwa niaba yako. Sina tena haki ya kusema kwa niaba yako. Nakwambia tu kwamba mkewe alifariki zamani, kwamba anasoma bila miwani, na kwamba nilipomuaga aliuliza swali moja, huku akijifanya anatafuta spana: kama bado unacheka kwa kurudisha kichwa nyuma. Niliona aibu kwamba sikujua.

Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha hii, kwa herufi kubwa, kwa sababu ya macho yako. Daktari amenihesabia wiki, na barua huchelewa. Kwa hiyo ukijikuta una nguvu ya kuandika barua moja tu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Nisalimie mwanao, na umwambie mjomba wake anamshukuru kwa kupiga simu. Nisalimie wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao, mkubwa hadi mdogo, asiachwe mtu akanuna. Mwanangu anakusalimu na kukushika mikono. Kunywa dawa ya goti kama ulivyoelekezwa, hata kama ni chungu, na usimbishie daktari.

Nakutakia mchana mwema, na usiku wenye usingizi.

Ni mimi, kaka yako, ukikubali bado kuniita hivyo.