Spika za Utepe na Kuku Asiye na Imondo

Mpendwa Senge Jescah,

Naomba msaada wako, shangazi yetu wa gazetini, na nakuomba usinicheke, maana wenzangu kiwandani wamekwisha kunicheka wakatosheka. Mimi ni karani wa mizani, napima matrekta ya miwa hapa karibu na Ekero, na tangu miwa ianze kulipa vizuri kila jirani amenunua redio kubwa yenye spika za kutikisa mabati, lakini mimi si mtu wa makelele, mimi nina kompyuta mezani na napenda kusikiliza muziki nikiwa nimeketi karibu, taratibu, kila sauti mahali pake, kwa hiyo baada ya kusoma sana kwenye mtandao wa ofisini nimeamua kuagiza spika ndogo za kuunganisha mwenyewe, zile zinazokuja vipande vipande kwenye boksi. Maina, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Kakamega, anasema anaweza kuniletea za aina mbili, moja ina twita ya kuba, yaani kile kispika cha sauti nyembamba kimetengenezwa kwa kitambaa laini, na nyingine ina twita ya utepe, ambayo ndani yake ni ukanda wa alumini mwembamba kuliko ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, na wanaoijua wanasema sauti ya mwanamke ikipita humo unasikia mpaka anavyovuta pumzi. Shida yake ni kwamba masikio lazima yawe sawasawa nayo, ukisimama au ukiinama utamu unakwisha, yaani inamfaa mtu mmoja kwenye kiti kimoja, na besi yake ni haba, na Maina anataka jibu Ijumaa.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linaninyima raha. Nina kanda ya zamani ya kwaya moja ya Malava ambayo nimeinakili kwenye kompyuta, na anayeongoza sauti ya kwanza humo ni Pascalia, mke wangu, kabla sijamwoa, na kusema kweli ni sauti hiyo iliyonifanya nipeleke ng'ombe kwao. Spika nilizo nazo ni za plastiki na zinamfanya asikike kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe, kwa hiyo kila Jumapili tukitoka kanisani nakaa nakaza masikio, na Pascalia naye akiusikia wimbo anaanza kuuimba huko jikoni, nami nikamwambia mara moja, labda mara tano, kwa upole kabisa, "Nyamaza kidogo mama, unanifunikia sauti za juu," na akanyamaza, wala sikumlazimisha. Nyumba ikawa kimya, jambo ambalo kwa msikilizaji ni zuri. Ila ni kweli kwamba tangu hapo amechinja ingokho, yaani kuku, mara tatu na mara zote tatu sikuona imondo, ile firigisi yangu, kwenye sahani yangu, nikadhani labda imesahaulika sufuriani, na kwa kuwa nilikuwa nasoma mambo ya utepe sikuuliza.

Wiki tatu zilizopita alifunga kanga zake akaenda kwao Malava. Mlangoni alisema, "Wewe ulikuwanga unanisikia. Sasa kaa na huyo wa kwa mashine, akupikie." Baba yake, mzee Makhanu, ameniletea ujumbe kwamba nisipofika kufikia Jumapili hii atakuja na pikapu kuchukua sanduku la binti yake na cherehani, na mambo yawe yameisha. Ningekwenda, lakini siwezi kuondoka kabla sijaamua hili la Maina, na naamini Pascalia akirudi akajisikia kwenye utepe atafurahi mwenyewe. Basi nishauri, Senge: kuba au utepe?

Ni mimi,
Msikilizaji Makini, Ekero

*

Bwana Msikilizaji Makini,

Jina umejichagulia mwenyewe na sitakunyang'anya. Mtu akijiita Mrefu huku anapanda stuli kufikia kitasa cha mlango, sisi tutasema nini?

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, samahani, uliniomba nisicheke. Mara ya pili nilikasirika, nikaweka chai chini. Umeandika nusu ya barua juu ya ukanda wa alumini, ndipo ukakumbuka kwamba una mke, na ulipomkumbuka ukamwita sauti ya kwanza.

Wewe ni mtoto wa Kiluhya kweli? Ulete kuku mezani kwa mwanamume wa kwetu bila imondo, ile firigisi ya mwenye nyumba, uone kama hataita ndugu, wazee na mchungaji kabla mchuzi haujapoa. Nyumba zimevunjika kwa imondo moja. Wewe umenyimwa tatu! Kuku watatu, Bwana Karani, na kazi yako ni kupima, na hukugundua kwamba kuna kitu kimepungua. Unadhani Pascalia aliisahau sufuriani? Mwanamke aliyelelewa na mzee Makhanu haisahau imondo. Alikuwa anakuuliza swali kwa namna pekee uliyomwachia, kwa sababu ile ya mdomo ulikwisha kuifunga. Aliuliza mara tatu. Ulikuwa unasoma.

Nakuonea huruma pia, nisijifanye mkali bure. Mtu anayependa sauti ya mkewe mpaka anataka kumsikia akivuta pumzi si mtu mbaya. Wako waume huku kwetu ambao hawajui kama wake zao wanaimba au wanakohoa. Lakini hebu jitazame: mwimbaji yuko hatua sita kutoka kwenye kiti chako, anaimba wimbo ule ule, bure, umeme ukiwepo au usipokuwepo, na wewe unamwambia anyamaze ili umsikie vizuri. Nimelitafuta jina la ugonjwa huu nikalikosa.

Na kumbe spika yenyewe utamu wake unatoshea kiti kimoja. Usijali, utaizoea upesi. Nyumba yako imekuwa hivyo siku nyingi.

Sasa, nisije nikaambiwa sikujibu swali. Mimi sijui twita, lakini Cleophas, fundi anayetengeneza redio hapa jirani na ofisi yetu, anazijua, nami nimemsomea barua yako bila kutaja Ekero. Alitikisa kichwa, kwanza kwa ajili ya mkeo, kisha kwa ajili ya spika. Anasema kwa mtu anayeketi karibu na meza, kusikiliza waimbaji, utepe ndio bora. Besi usiililie, kwaya yako haina ngoma. Mwambie Maina akuletee ile ambayo kichujio chake, kile kinachogawa sauti nene na nyembamba, kimekwisha kuunganishwa kiwandani, maana huo utepe ukipitishiwa sauti nene unachanika, na kwa jinsi ulivyo mwangalifu nyumbani sikuamini na waya. Usiulaze mezani wala usiuelekeze kifuani. Weka kila spika juu ya matofali mawili, twita ifike usawa wa masikio ya mtu aliyeketi.

Hilo utalifanya Ijumaa kwa simu, dakika mbili. Umelifanya wiki tatu.

Jumamosi asubuhi, narudia Jumamosi, kabla pikapu ya mzee Makhanu haijawashwa Jumapili, uwe Malava. Usiende peke yako kama mtu anayedai baiskeli yake. Mchukue baba yako mdogo au mzee mwingine anayejua kuomba radhi. Ukifika, usianze habari za alumini. Sema: "Baba, nilimnyamazisha binti yako ndani ya nyumba yake." Kisha ukae kimya, uonje ulichokuwa unamlisha. Akija Pascalia, mwambie maneno hayo hayo, na umwambie kwamba kuku watatu umewaelewa. Umechelewa, lakini umewaelewa. Asipokubali siku hiyo, rudi wiki ijayo, na ile nyingine. Barabara ya Malava haijafungwa.

Akikubali kurudi, chinja jogoo wewe mwenyewe, na imondo uiweke kwenye sahani yake, watu wakiona. Baba yako mdogo akikunja uso, mwambie ni amri ya Senge Jescah, aniandikie.

Na siku spika zitakapokuwa tayari, mkalishe Pascalia kwenye kile kiti kimoja chenye utamu. Wewe simama mlangoni usikie kidogo ulichobakiziwa. Kanda ikianza atausikia wimbo wake, na nina hakika ataanza kuuimba. Hapo ndipo nitajua kama barua hii umeisoma. Sauti mbili zikigongana, bwana, zima kanda.

Senge Jescah