Jioni Baba Alipoyavuka Matawi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote hapa nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto mko wazima, na kile kikohozi cha mdogo kimemwachia alale. Siku zote huwa nakuandikia kwamba sisi hatujambo kabisa, lakini leo mkono unakataa. Kaa chini usome taratibu. Baba yuko hai, mama yuko hai. Hilo nalitanguliza ili moyo usikuruke.

Huku mvua ilinyesha mfululizo hadi tukasahau rangi ya jua. Wateja hawakuja kupima nguo, nami nikabaki na vitambaa vinavyonuka ukungu. Halafu jioni moja mawingu yakafunguka, na mtaa mzima ukamwagika nje kwenda kuutazama mto. Baba akaniambia nimchukulie kamera. Unamjua na mwanga wake. Akasema baada ya mvua kama ile mwanga unakuwa umeoshwa, na anayebaki ndani ni mgonjwa au mvivu.

Kwa kawaida mama ndiye humsindikiza. Wenyewe tulikuwa tunawacheka, si unakumbuka? Kila wakitoka wameshikana mikono, tukasema uzee umewarudisha kwenye uchumba. Siku hiyo mama alikuwa amelazwa na mafua, sauti imekauka. Akaniita kitandani akanishika kiganja, akaniambia nisimwachie baba mkono hata kidogo. Nikamwambia asijali, matope nimeyazoea. Akanitazama kama mtu mwenye neno zito mdomoni, kisha akageukia ukutani.

Tulishuka kwa njia ya nyuma ya kiwanda cha matofali. Mto ulikuwa umevimba, mwekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, unabeba magogo, mabeseni, na mlango mzima wa mtu ukiwa bado na kitasa. Baba alikuwa na furaha ya mtoto. Alisimama, akachungulia kwenye kile kitundu cha kamera, akapiga. Akaniuliza kama wale wanawake waliokuwa wakifua kwenye mawe wapo. Nikamwambia baba, hakuna mawe leo, yote yamemezwa. Akacheka, akasema ndiyo, anaona. Nami sikulitilia maanani.

Mbele kidogo njia ilikuwa imefungwa kwa matawi. Wachimba mchanga waliyaweka makusudi, maana baada ya hapo ukingo ulikuwa umemegwa na mto, njia imekwisha, chini ni maji tu. Kandambili yangu ilinasa kwenye tope. Nikamwachia mkono baba niiname kuichomoa. Ni pumzi moja tu, kaka. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa ameyavuka yale matawi, anayakanyaga kana kwamba ni majani makavu ya uani, kamera ikiwa jichoni, anatembea kuelekea pasipo na ardhi.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. "Baba, simama!"

Akageuka kutafuta sauti yangu, na katika kugeuka mguu mmoja ukakosa pa kukanyaga. Nilimrukia nikalidaka koti. Vifungo vikaruka. Nilisikia udongo ukiporomoka, halafu ule mlio wa kitu kizito kuingia majini, nikadhani ni yeye, kumbe lilikuwa bonge la ukingo. Mchimba mchanga mmoja, mtu wa miraba minne, alikuja mbio akatukokota wote wawili kama magunia. Tulipofika salama hasira ikampanda. Akamfokea baba, mzee mzima, matawi yote yale tumeweka, huoni?

Baba alikuwa amekaa kwenye tope, miguu ameinyoosha, kamera inaning'inia shingoni. Akasema polepole, "Ndiyo, mwanangu. Sioni."

Mimi nilifikiri baba anatania. Nikapunga mkono kando ya uso wake, karibu kabisa na sikio, upande wa kushoto kisha wa kulia. Hakupepesa.

Njiani kurudi nyumbani alinieleza yote, nami nimemshika kwa mikono miwili. Jicho la kushoto lilikwisha zimika zamani. La kulia limebaki na kitundu katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ndiyo maana kamera ilimfaa bado. Ulimwengu wake wote unaenea ndani ya kile kitundu. Lakini pembeni hamna kitu, na chini hamna kitu. Wale majirani tuliokuwa tunamlaumu kwamba anawapita bila salamu, hakuwaona. Zile picha za wanao zilizokatwa vichwa, tukacheka tukasema mzee amechoka, ndiyo hayo hayo. Pale studio yake ya picha mama ndiye aliyekuwa akiwapanga wateja na kumnong'oneza: sogea kushoto, inua kidogo, sasa.

Mama alijua! Nilipomkabili alilia hadi mafua yakazidi. Alisema baba alimwapisha asituambie, kwa kuhofia tutaifunga studio na kumweka kwenye kiti barazani kama mzigo unaosubiri kuchukuliwa. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza baba anaonaje?

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni mwanamke mpole, anazungumza huku akikushika bega. Alisema ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula kuanzia pembeni taratibu kama panya kwenye mkeka, na wewe mwenyewe huna habari. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Baba alisikiliza kama mtu anayesomewa habari za jirani. Swali lake lilikuwa moja tu, kama ataruhusiwa kupiga picha.

Sasa nifike penye uzito, maana nimekuwa nikizunguka.

Baba alipotolewa nje kupumzika kwenye benchi, daktari aliniuliza kama mzee ana watoto wengine. Nikamwambia tuko wawili, mimi na kaka. Akasema ugonjwa huu hutembea katika damu, kisha akanionyesha kile kiti na kuniambia nami nikae. Nilikaa nikicheka. Mimi ninayetunga uzi kwenye sindano usiku kwa mwanga wa kibatari! Aliniwekea mashine ya vitaa vidogo, nibonyeze kila ninapokiona kimoja. Nilibonyeza kwa mbwembwe, nikijua nimefaulu. Kumbe katika jicho la kushoto, upande wa pembeni, vingi viliwaka na kuzima bila mimi kujua.

Ndiyo, kaka. Mimi pia. Kwangu bado ni mapema, na matone nimekwisha anza. Baba na mama sijawaambia. Wewe ndiye mtu wa kwanza kulisikia. Tangu siku hiyo nimepigwa na bumbuwazi. Nageuza kichwa huku na huku kama kuku, nikiukagua ulimwengu kama upo wote.

Lakini hofu yangu kubwa si mimi. Mimi nikikosea, nitashona mkono wa shati kwa nyuma. Wewe unaendesha basi. Katika barua yako ya mwisho ulituandikia kwa mzaha kwamba nguzo ya geti ilikurukia ubavuni, na kwamba mwendesha baiskeli alichomoza kutoka hewani, akaponea chupuchupu. Nimeisoma tena na tena. Kaka, nakusihi kwa jina la aliyetuzaa, ukimaliza kusoma hapa, wakabidhi watu wa ofisi yako funguo za basi, wadanganye una homa ukitaka, kisha nenda kwa daktari wa macho. Usiende kwanza safari ya kesho.

Msalimie wifi, nao watoto uwabusu kwa niaba yetu. Baba anakusalimu, yuko hapa mlangoni, anauliza mbona nakuandikia barua ndefu hivi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sindano